Aliyeshika Trei

Kama unaangalia tamthilia zetu, shoga yangu umeshamwona, ila humjui. Ndiye anayeingia sebuleni na trei ya juisi wakati mume na mke wanagombana, anaiweka mezani, anasema "karibuni", anatoka. Mara nyingine anafungua geti. Mara nyingine anachapwa kofi na mama mwenye nyumba kwa sababu ya shati lililoungua pasi. Alianza kuwa dada wa kazi tukiwa wasichana, na sasa goti linamuuma akiinama, bado ni dada wa kazi.

Mimi huwa jirani mmbea. Nina sauti kubwa na kiuno kikubwa, na waongozaji wetu wakiviona vitu hivyo viwili hawahangaiki kufikiri zaidi. Kwa upande wangu silalamiki sana, najijua. Nikipewa umbea naufanya, nikipewa kulia nahitaji kitunguu. Ninalalamika kwa ajili yake. Ni mwigizaji mkubwa kuliko wote niliowahi kusimama nao, na nimesimama na wengi ambao nyuso zao ziko kwenye mabango ya barabarani. Yeye ni mfupi, mweusi tii, na uso wake hauna mvuto mpaka auamshe mwenyewe. Siku hizi hakuna mwenye subira ya kungoja uso uamke.

Tulianza pamoja kwenye kikundi cha sanaa huko Temeke, tukifanya mazoezi kwenye uwanja wa shule watoto wakishatoka. Kikundi kiliishi kwa kazi za mashirika: igizo la vyoo, igizo la kunawa mikono, igizo la malaria. Kwenye la malaria yeye alikuwa mbu. Walimfunga mabawa ya chandarua kuukuu na mrija wa plastiki puani. Mbu alitakiwa afe mwishoni na watu washangilie. Alipokufa yeye watoto walilia, na dada wa shirika akaja kutuambia kwa upole kwamba ujumbe haujafika.

Safari nyingine tulikwenda Kigamboni, akaigiza mzee mwenye nyumba za kupangisha. Igizo likaisha, na kabla hajavua kanzu mama mmoja akapita akamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia marahaba kwa sauti ileile ya mzee, akamuuliza habari za watoto, na yule mama akasimama akaanza kumweleza. Mimi nilikuwa pembeni na kopo la masizi tuliyomchorea ndevu. Nilikuwa na hakika kwamba mtu wa namna hii ataitwa tu, hata ikichelewa. Nilikuwa mjinga wa umri wangu.

Kwenye televisheni, mwanzoni, alijaribu kuifanya ile trei iwe kitu. Nakumbuka kipande kimoja ambacho mume anamwambia mkewe kwamba anaondoka nyumbani. Shoga yangu akaingia na glasi mbili, akasikia, akasimama kidogo, kisha akaweka glasi moja tu mezani na kurudi jikoni na ya pili. Mpiga kamera mwenyewe aliguna. Mwongozaji akasimamisha kazi akasema, "Dada, unawaibia wenzako. Weka juisi zote, toka." Akaweka zote, akatoka.

Ili uelewe yaliyotokea baadaye, ujue kwanza tunavyofanya kazi. Maneno hatuandikiwi. Mwongozaji anakukalisha anakwambia: wewe ni mama, mwanao kafungwa, mumeo hataki kumtoa, haya ingia. Maneno unayatoa tumboni mwako. Na majumba mazuri mnayoyaona si ya kukodi. Ni ya watu wanaotuazima, na mwenye nyumba mara nyingi anataka na yeye aonekane, au mkewe, au binti yake. Sisi tunasema nyumba imekuja na mtu wake, na mtu huyo hapewi sehemu ya kufungua geti.

Shoga yangu yeye alikuwa na nyumba yake Chanika, ambayo hakuna tamthilia ingeitaka. Vyumba viwili na sebule, sakafu ya saruji, mbele kiwanja kinachotoka mahindi na kunde. Aliijenga na mumewe, fundi seremala, na najua ni wote wawili kwa sababu nilikuwa nikienda Jumapili kuwasaidia, na maji ya kufyatulia tofali yalikuwa yakipanda kilima kichwani kwake. Hawakujaaliwa mtoto. Kisha mume akapata kiharusi, upande mmoja ukafa na ulimi ukawa mzito, na kuanzia hapo kazi kubwa ya shoga yangu ikawa kumgeuza. Mgonjwa wa namna ile asipogeuzwa mgongo unatoka vidonda. Alikuwa anamgeuza alfajiri kabla ya kwenda lokesheni, anamwachia jirani, akirudi anamgeuza tena. Mumewe alikuwa mtu mrefu na mzito. Yeye anafika kifuani kwangu.

Mashemeji zake walikuwa wanakuja. Sitasema hawakuja. Walikuwa watatu, watu wa heshima zao, wenye kofia safi, na wakishampa mgonjwa mkono walikuwa wanatoka nje kuangalia paa. Mmoja alikuwa na tabia ya kutembea kutoka ukuta hadi mpaka wa kiwanja kwa hatua ndefu, midomo ikichezacheza. Walimuuliza shoga yangu kama ule ufa ni wa zamani. Hawakumuuliza kama analala.

"Wanaipima, na mwenyewe yu hai anawaona dirishani," aliniambia siku moja tukiwa tunachambua kunde nyuma ya nyumba.

"Waambie."

"Nikiwaambia mie itakuwa nina mdomo. Si unajua wanavyoniita, mcheza sinema."

Wiki hiyohiyo ndipo alipopigiwa simu. Ilikuwa tamthilia mpya, na mwongozaji, kijana mmoja mwenye bidii na haraka nyingi, alimwambia anataka kumpa mama. Siyo mama wa kupita. Mama mwenyewe, mjane, ambaye baada ya arobaini ya mumewe ndugu wa marehemu wanakaa kikao cha kuichukua nyumba, na yeye anasimama kuwajibu. Kikao hicho ndicho tamthilia nzima ilikuwa inakiendea. Kijana alisema aliwahi kumwona akiwa mbu, zamani, yeye akiwa darasa la tatu, na hajamsahau.

Shoga yangu alikuja kwangu Temeke siku hiyo kwa miguu kutoka kituoni, jasho linamtoka, akakaa chini sakafuni. Nilidhani mumewe amekufa. Aliponieleza nilipiga kigelegele mpaka wapangaji wenzangu wakatoka.

"Wale mashemeji zangu wanaangaliaga," akasema. "Ukoo mzima, wakishaswali isha wanakaa mbele ya TV kimya kama wako kwa sheikh. Mie wakiniona nimeyasema pale, na uso wangu huu, watanisikiliza mpaka mwisho. Hakuna wa kunikatiza. Halafu siku ya kweli ikifika watakuwa wameshaona aibu."

Nilimwambia hayo ni mawazo ya mtu asiyelala. Lakini nilimwamini, kwa sababu nilikuwa nimemwona akiwaliza watoto akiwa na mrija puani.

Akaanza kujizoeza. Nilikuwa nakwenda Chanika kukaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nakuwa mashemeji wote watatu peke yangu, yeye amesimama kwenye mahindi. Maneno yake nayajua mpaka leo. Alianza kwa kuwakaribisha na kuwaambia wakae vizuri, nyumba ni ya kaka yao. Kisha akasema:

"Mmekuja kuuliza nyumba hii ni ya nani. Nawajibu. Ila mie na nyie tumeishi miaka yote hii na kuna swali moja hamkuniuliza. Kaka yenu alilala, hawezi kujisogeza. Nani alimgeuza? Mlikuja mkamkuta mgongo mzima, mkasema alhamdulilahi, mkaondoka. Nani alimgeuza? Kama mnajua, mpeni huyo nyumba. Kama hamjui, kaeni hapa hapa mpaka mjue."

Na wakati anasema "nani alimgeuza", mikono yake inakwenda. Mmoja chini ya bega lisilokuwepo, mwingine chini ya nyonga, mguu wake mmoja unarudi nyuma kupata nguvu, halafu uzito unakuja. Ungemwona yule mwanamume pale hewani. Mara ya kwanza nilipoyaona hayo nilinyanyuka kwenye ndoo nikaenda kusimama upande wa choo. Wala sikuhitaji kitunguu.

Siku ya kurekodi kikao tulikwenda Boko. Nyumba ilikuwa nyeupe, ya ghorofa, ina ngazi za marumaru na makochi yenye vifungo vya dhahabu. Shoga yangu alikuja na kanga yake ya msiba kwenye mfuko wa plastiki. Mimi nilikuwepo kama kawaida, jirani anayechungulia. Mama mwenye nyumba alitupokea vizuri mno, na hili nalisema kwa haki yake. Alitupikia chapati na maharage ya nazi, alitupa maji ya baridi. Alikuwa mnene mzuri, mweupe, amesukwa kichwa kipya, na alikuwa amevaa nguo nyeusi inayong'aa. Nilipoiona ile nguo nyeusi nikairudisha chapati kwenye sahani.

Mwongozaji alimwita shoga yangu pembeni ya ngazi. Nilisikia kwa sababu nilijisogeza.

"Mama, nisamehe. Nyumba imekuja na mtu wake."

"Lini?"

"Jana. Mzee kasema mkewe asipopata hiyo sehemu tutoe vitu vyetu. Nimeshapiga nusu ya tamthilia humu ndani, vipande visivyo na mjane. Nitakufidia kwenye nyingine, wallahi."

Akamuuliza afanye nini sasa. Kijana akaangalia chini akasema kuna dada anayewapitishia chai wana ukoo. Shoga yangu akarudisha kanga kwenye mfuko, akaufunga fundo, akaenda jikoni kuuliza trei iko wapi.

Mimi sikunyamaza. Nilimwambia yule kijana mbele ya watu wake kwamba ameuza ng'ombe akabaki na kamba, na kwamba mamake akija kuwa mjane atakumbuka. Alinisikiliza mpaka mwisho, maskini. Akaniambia, "Mama, nikiikosa nyumba sina tamthilia. Nikikosa tamthilia, na wewe huna kazi." Alikuwa anasema kweli, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Kikao kikapangwa. Wana ukoo kwenye makochi, mjane kasimama, dada wa kazi nyuma na trei. Mama mwenye nyumba akaambiwa aanze. Akasema, "Jamani, nyumba hii ni yangu." Akanyamaza. Akaambiwa aendelee. Akasema tena nyumba ni yake, jamani, kwa nini mnanionea. Na kweli nyumba ilikuwa yake, labda ndiyo maana neno lingine halikupatikana. Walirudia na kurudia mpaka wana ukoo wakaanza kupiga miayo.

Ndipo mwongozaji akamgeukia shoga yangu. "Dada, hebu muoneshe kidogo." Na kwa mpiga kamera akasema, "Zima, tusimalize betri."

Akaweka trei sakafuni. Akaoneshwa mahali pa kusimama, akasimama. Hakuonesha kidogo, hiyo hajui. Akawakaribisha wakae, nyumba ni ya kaka yao, na wale vijana waliokuwa wanapiga miayo wakakaa sawa kama watoto. Alipofika kwenye kumgeuza, mikono ikaingia chini ya lile bega, mguu ukarudi nyuma, na kijana aliyeshika kipaza sauti kwenye mti mrefu akauacha ukashuka mpaka ukagusa zulia. Akamaliza. Mama mwenye nyumba alikuwa analia, kweli kabisa, wanja unamshuka mashavuni. Akamshika mkono.

"Pole dada yangu. Kumbe ulifiwa na mume?"

"Bado," akasema shoga yangu, akainama kuokota trei yake.

Kamera ikawashwa. Mama mwenye nyumba aliyarudia maneno yale, yote, ana kichwa chepesi cha kushika. Na mikono aliirudisha pia, ila alikuwa anaigeuza hewa kama mtu anayekunja godoro. Nyuma yake, kwenye picha, dada wa kazi amesimama na trei anatazama vikombe. Kilipigwa mara moja tu. Kijana akasema safi.

Kilipooneshwa, sijui niseme nini, kilipendwa. Wasichana wakawa wanajirekodi kwenye simu wakisema "nani alimgeuza?" na kukunja yale magodoro yao. Mangi wa dukani kwetu alikuwa akiulizwa nani kala sukari anajibu nani alimgeuza. Mama wa Boko akaitwa kwenye vipindi. Nilimwona kwenye kimoja, mtangazaji anamuuliza yale maneno aliyatoa wapi, akacheka kwa aibu akasema yalimjia tu. Nilizima televisheni ya watu, nilikuwa saluni, wakanigombeza.

Shoga yangu alikiangalia nyumbani, kando ya kitanda. Mumewe alikuwa anayajua yale maneno, si alikuwa akiyasikia kupitia dirishani kila jioni. Alimtazama yule mama wa kwenye TV, akamtazama mkewe, akanyanyua mkono wake mzima akamnyooshea kidole. Ulimi haukumpa kitu, lakini alikaa hivyo na kidole chake mpaka kipande kikaisha. Aliponisimulia hayo alikuwa anatabasamu. Huyo ndiye mtazamaji mmoja aliyewahi kumtambua, na mvua za vuli zilipoanza akafa.

Nyumba iliuzwa. Nalisema mapema ili nisikupe matumaini halafu nikunyang'anye. Ilibidi isubiri eda iishe, wale ni watu wa dini, na fungu lake la sheria walimpa mkononi. Sasa amepanga chumba mtaa wa pili kutoka kwangu. Lakini nataka kusimulia siku ya arobaini, kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu siku hiyo aliigiza, kama kuigiza ndilo neno.

Watu walishakula pilau wakaondoka. Wakabaki wa ukoo. Wanaume walikaa sebuleni, na sisi wanawake tulikuwa chumbani na mjane, maana yuko kwenye eda, haonekani na wanaume. Kati yetu na wao lilikuwepo pazia tu. Mimi, shoga yangu, na mke wa shemeji yake mdogo, binti mpole ambaye alikuwa amenisaidia kuosha vyombo tangu asubuhi. Shemeji mkubwa akakohoa akasema kwa sauti ya kiungwana kwamba marehemu ameacha nyumba, na ni vizuri mambo yasikae.

Shoga yangu akasimama. Akalisogelea pazia mpaka pumzi yake ikawa inalitikisa. Akawakaribisha. Akawaambia wakae vizuri, nyumba ni ya kaka yao. Sauti haikupanda wala haikushuka. Sijawahi kumsikia hivyo, hata Boko, hata kwenye mahindi. Alikuwa amevaa nguo za eda, hakuna aliyekuwa anamwona ila sisi wawili, na alipofika kwenye swali lake mikono ikaenda yenyewe, chini ya bega, chini ya nyonga, mguu nyuma. Kitanda kilikuwa palepale kando yake, godoro lina shimo la yule mtu. Nilibana mdomo kwa kanga.

Alimaliza. Kwa kitambo nilifikiri imewaingia.

Kisha nikasikia mmoja akicheka kwa pua, na shemeji mkubwa akamkemea. Akasema, taratibu, bila ubaya wowote, "Shemeji, sie tuko kwenye msiba. Hayo ni maneno ya yule mama wa kwenye tamthilia, wote tumeyaona. Na wewe ulikuwepo pale, umeshika trei. Tuongee mambo ya kweli."

Shoga yangu akafungua mdomo. Niliuona ukifunguka, nikangoja, kwa sababu maneno hayajawahi kumwishia maisha yake yote. Akaufunga. Akarudi akakaa ukingoni mwa kitanda, na huko sebuleni wakaanza kuzungumza habari za dalali.

Yule binti mpole alikuwa analia. Alijifuta kwa ncha ya mtandio, akaniegemea begani, akaninong'oneza, lakini chumba kilikuwa kidogo na kila mtu alisikia.

"Anamuigiza yule mama vizuri jamani. Mpaka mikono."

Shoga yangu akainua uso akamtazama.

"Ahsante, mdogo wangu," akasema.